Maji Yaliyokataa Kuwa Manjano

Jumatatu, 11 Agosti

Leo maji yamekuwa manjano. Dakika ishirini tu!

Naandika kabla sijasahau. Daktari Wariara aliweka kipande cha silva, ile fedha ya pete, ndani ya glasi, kidogo kama kifungo cha koti. Akamwaga juu yake maji ya betri, yale safi ya kutiwa kwenye betri za magari. Akafunga mlango, akawasha ile taa nyekundu ya nje, tukavaa miwani. Mashine ya leza ikaanza: tak, tak, tak. Kila tak, cheche ndogo kwenye silva, na kitu kama moshi, lakini moshi ulio ndani ya maji. Mwanzo nilidhani ni macho yangu. Kisha rangi ikaja kweli. Manjano safi, kama mafuta ya kupikia.

Mwongeli akasema ni kama mkojo wa mtoto. Huyu ndiye msaidizi wa Daktari, msichana wa Migwani. Digrii anayo na mdomo pia anao. Daktari akamwambia aandike kwenye daftari "manjano hafifu" na mkojo auache nyumbani.

Hiyo rangi ni silva yenyewe, imepasuliwa na mwanga hadi ikawa vipande ambavyo hadubini ya shule haivioni. Daktari anaviita nano. Anasema elfu kadhaa vinaweza kupangwa kwenye upana wa unywele mmoja. Mimi nimeshona nguo miaka thelathini na moja na nilidhani najua kitu kidogo ni nini.

Kazi yangu hapa: nakata shashi, kile kitambaa chepesi cha bandeji, nakunja, natumbukiza kwenye hayo maji, nakausha. Silva inaua vijidudu vya kidonda. Bandeji za namna hiyo zipo tayari, zinatoka ng'ambo, na bei yake ndiyo iliyotufanya mke wangu Syokau na mimi tukate moja mara nne. Tukaosha. Tukafunga tena ileile. Kidonda chake kilikuwa mguu wa kushoto. Miezi kumi na minne sasa tangu tumzike.

Mashine si yetu. Ilikuwa ya saluni kubwa huko Nairobi, ya kufuta tatoo. Wenyewe wamekiazima chuo hiki mpaka Ijumaa tarehe 5 Septemba. Siku hiyo wanakuja. Wakikuta mafungu matatu ya haya maji yametoka sawa mfululizo, mashine inabaki Kitui. La sivyo inaenda kwingine. Daktari ameandika kwa chaki juu ya mlango: MATATU.

Leo tuna moja.

Alhamisi, 14 Agosti

Picha zimefika kutoka Wote, kule Makueni, ambako rafiki ya Daktari ana chumba cha kupima. Wanapaka vijidudu kwenye kisahani, wanaweka kipande cha shashi yetu katikati, wanangoja siku moja. Kisahani kizima kilikuwa kimechafuka, kama maziwa yaliyoganda. Lakini kuzunguka shashi — duara safi! Kama uwanja uliofagiliwa asubuhi.

Mwongeli alicheza mpaka miwani ikaanguka. Daktari akala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, pamoja nasi kwa mara ya kwanza. Yeye ni mtu wa Nyeri. Akatazama sahani akasema hii ni githeri iliyovuliwa koti. Tulicheka. Chai ndiyo iliyomshinda. Akasema chai yenu ina chumvi. Mwongeli akaonja, mimi nikaonja. Hakuna kitu. Mwongeli akamwambia, "Daktari, hiyo ndiyo sukari ya Ukambani."

Nilimuuliza ni lini watu watafungwa hizi bandeji. Akasema bado, Mzee Mbithi, hiki ni kisahani, mtu si kisahani. Katikati kuna majaribio mengi na karatasi nyingi.

Sawa. Mimi nakunja pindo ndani mara mbili ili uzi usichomoke. Zile tulizokuwa tukinunua zilikuwa zinaacha nyuzi kwenye kidonda cha Syokau. Nilikuwa nazitoa kwa kibano cha nyusi. Hakulia. Alihesabu tu: "Huo ni wa tatu, fundi. Huo wa nne."

Jumapili, 17 Agosti

Nyumbani, Kanyangi. Baada ya ibada Nthenya aliniita mbele ya akina mama wote: "Baba Nduku! Bado unafuta tatoo? Hapa Kanyangi nani ana tatoo, ng'ombe?"

Walicheka. Mimi pia nilicheka kidogo.

Nthenya ni mdogo wake Syokau. Akasema shule zinafunguliwa tarehe 25, wazazi wanatafuta fundi, na cherehani yangu imefunikwa leso kama maiti. Nikamweleza habari ya duara. Akasikiliza. Kisha: basi lete kipande kimoja umfunge Mzee Kiilu. Kiilu ni jirani yetu, ana kidonda cha moto kwenye muundi tangu Pasaka. Nikasema haturuhusiwi, bado si za watu.

"Kwa hivyo ni dawa nzuri, ila watu ndio hawafai."

Nthenya akikasirika anabana midomo, na akibana midomo ni Syokau. Nilitazama kando.

Jumanne, 19 Agosti

Jana fungu la pili lilitoka manjano. Mawili! Leo asubuhi Daktari na Mwongeli wamelipeleka Wote. Nimebaki peke yangu.

Mifereji haina maji tangu Jumapili. Mtambo wetu wa kutengeneza maji ya betri unahitaji maji ya mfereji yapite ndani kuupoza, kwa hivyo nao umenyamaza. Na mtungi wa maji ya betri — nusu! Sikuweza kuuangalia. Marehemu mama alikuwa na sheria moja ambayo hata mgonjwa hakusamehewa: mtungi haulali nusu. Mgeni akija usiku utampa nini? Tulichapwa zaidi kwa hilo kuliko kwa kusema uongo.

Basi nikaenda kwenye kisima cha pampu cha kanisa. Nimechemsha. Nimechuja mara tatu kwa shashi mpya. Nimepoza. Nimeonja — matamu kabisa. Nimeujaza mtungi mpaka shingoni.

Kesho hatutakwama.

Jumatano, 20 Agosti

Picha za Wote ni nzuri. Lakini hapa maji hayakugeuka.

Yaani yaligeuka, lakini kijivu. Kama maji ya kuoshea sufuria ya makaa. Na chini ya glasi vumbi jeusi limelala. Daktari akamwaga, akaosha glasi mwenyewe, akaanza upya saa tisa. Kijivu tena.

Amefuta MATATU juu ya mlango. Akaiandika tena, polepole. Yanahesabiwa mfululizo. Tumerudi sifuri.

Alhamisi, 21 Agosti

Kijivu. Mara mbili.

Wamefungua mashine, wamesafisha kioo chake kwa kitambaa ambacho mimi nilikata. Wamebadilisha kipande cha silva. Mwongeli anasema imechoka, imefuta majina ya wapenzi wengi mno. Daktari hakucheka. Alikaa kwenye stuli yangu na kutazama ukuta.

Nikarudi kukata shashi.

Ijumaa, 22 Agosti

Kijivu. Hiyo ni ya tano.

Asubuhi Daktari aliwaandikia wenye mashine kwamba huenda nguvu yake imepungua. Mwongeli alimsihi angoje kidogo. Daktari akasema kitu cha kuazima ukikiona kinaumwa unamwambia mwenyewe, hungoji afike. Jibu limekuja kabla ya saa sita: watakuja tarehe 5 kama ilivyopangwa, na watakuja na pikapu ya kuichukua mashine.

Saa nne tulipokunywa chai Daktari alisukuma kikombe. Akauliza leo maji tumeyatoa wapi, maana hii si chai, ni mchuzi. Nikamwambia kisima cha kanisa, mifereji bado mikavu. Nikanywa yangu. Chai tu. Chai kama ya kila siku ya maisha yangu.

Nilirudi kukata. Nilikata vipande viwili. Katika cha tatu mkasi ukasimama.

Nilionja yale maji Jumanne nikasema ni matamu. Kwa ulimi gani, huu uliozoea chumvi?

Nimechota kidogo kutoka kwenye mtungi, nimetia kwenye chupa ya soda. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 23 Agosti

Kanyangi. Asubuhi, kabla ya uji.

Nimefunua cherehani. Nimetoa kipande cha kitambaa cha nevi bluu, masalio ya sketi za shule. Nimewasha pasi ya makaa. Nikanyunyizia yale maji ya chupa, nikapiga pasi, nikangoja kipoe.

Madoa meupe. Mviringo, mviringo, mviringo. Kama mtu ametembeza kidole chenye unga.

Kila fundi wa huku anajua jambo hili! Nevi bluu huinyunyizii maji ya kisima, hata uyachemshe siku nzima. Chumvi haiondoki kwa moto. Unatumia maji ya mvua, au mzazi atasema umemuuzia kitambaa cha mtumba. Syokau alinitunzia maji ya mvua kwenye kidumu cha bluu nyuma ya mlango. Hakuna aliyeruhusiwa kuyanywa, hata yeye mwenyewe alipokuwa na homa. Miaka thelathini na moja nimejua hivyo, na siku moja nilimkumbuka mama nikasahau pasi.

Kwa hivyo mashine haiumwi. Ni mimi.

Nimekaa na jambo hilo mpaka uji umepoa. Hakuna aliyeniona. Naweza kuumwaga huo mtungi Jumatatu alfajiri, nikauosha, maji mapya yakitiwa, rangi itarudi na Mwongeli atasema mashine imepumzika. Hakuna atakayeuliza.

Lakini Daktari ameandika barua kwamba mashine inaumwa. Na kwenye daftari kuna kijivu tano ambazo hazina sababu. Mtu mwingine atasoma. Atasema njia hii haiaminiki, siku nyingine inakubali, siku nyingine inakataa. Ataiacha. Na Mzee Kiilu ataendelea kufunga kidonda chake kwa kitambaa cha kanga.

Nitasema.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimesema.

Niliweka kile kitambaa mezani mbele yake, na chupa. Nikaeleza yote, hata habari ya mama. Daktari hakunikatiza. Mwongeli ndiye aliyeruka: "Fundi! Maji ya kisima kwenye mtungi wa maji ya betri? Si afadhali ungetia supu!"

Daktari akachukua kipimo cha chumvi, akakichovya kwenye mtungi. Nambari zilipanda mpaka zikakosa pa kwenda. Mwongeli akainamisha kichwa. Akasema hata yeye ana kosa, kipimo kiko kwenye droo yake na hakukitumia. Waliuamini mtungi kwa sababu walidhani ni wao tu wanaoujaza.

Ndipo Daktari akaeleza, kwa sauti ya chini, bila kunitazama. Vile vipande vya nano vinakaa mbalimbali kwa sababu vinasukumana. Chumvi inaondoa ule ubishi wao. Vinashikana madonge kama unga wa uji uliokorogwa vibaya, vinazama. Donge halina rangi ya manjano, na dawa yake inapotea.

"Siku tatu, Mzee Mbithi," akasema. "Siku tatu na barua moja."

Kisha akasema kuanzia leo nisiguse glasi wala mtungi. Nikate kitambaa. Hicho tu.

Nilisema ndiyo, Daktari. Ni haki yake.

Mbele yangu aliandika kwenye daftari: maji yenye chumvi. Hakuandika jina. Akawapigia wenye mashine simu. Wamesema wamefurahi kujua, lakini pikapu wameshaipanga, watakuja nayo. Tukiwa na mawili na wakaona la tatu kwa macho yao, pikapu itarudi tupu.

Siku kumi na moja. Na maji ya betri hatuna hata kikombe. Mwongeli alizunguka mjini akaleta chupa kutoka maduka mawili ya vipuri. Kipimo kimekataa zote. Mifereji — haijulikani.

Nikiwa mlangoni nikageuka. Nikasema namjua mtu anayeweza kutega mvuke bila mfereji. Daktari akauliza ni mhandisi wa wapi.

Nikasema ni shemeji yangu.

Jumanne, 26 Agosti

Nimetoka Kanyangi sasa hivi.

Nthenya hajatega mvuke kwa miaka tisa. Kabla ya kuokoka, kali yake, ile pombe ya kutega mvuke, ilijulikana mpaka ng'ambo ya mto. Polisi walivunja vyombo vyake mara mbili. Ndiyo iliyomsomeshea watoto wawili. Siku alipookoka alibeba mtungi wake wa udongo mpaka kanisani, akaupasua kwenye ngazi. Watu wanakumbuka.

Sikukaa hata chini. Nikamwambia shemeji, nataka unifundishe kutega mvuke.

Alitazama nyuma yake kwanza, kuona nani amesikia.

"Baba Nduku, hayo niliyaacha msalabani."

"Ni maji tu, mwaitu. Maji yanaingia, maji yanatoka."

"Moshi wa maji na moshi wa ile nyingine, jirani atajua vipi?"

Nikasema hatajua tofauti. Sikutaka kumdanganya. Nikamweleza kosa langu, pikapu, na siku zilizobaki. Alikuwa anachambua pojo kwenye ungo, hakuinua uso. Mwisho akauliza: hiyo bandeji ingekuwepo wakati ule, ingemsaidia dada yangu?

Nikasema sijui. Nikasema labda. Labda mguu ungekauka, labda ugonjwa wa sukari ungemshinda tu. Sijui, Nthenya.

Akaweka ungo chini. Akaingia ndani. Nikasikia sufuria zinagongana.

Jumatano, 27 Agosti

Nyuma ya karakana ya chuo. Naandika nikiwa nakula.

Sufuria kubwa mpya. Ndani yake maji yaliyochimbwa kwenye mchanga wa mto, na jiwe safi katikati. Juu ya jiwe, bakuli. Juu ya yote, sufuria nyingine yenye maji baridi, tako lake la mviringo likiangalia bakuli. Ukingoni anaziba kwa unga wa ngano uliokandwa, mvuke usitoroke. Mvuke unapanda, unakutana na tako baridi, unadondoka ndani ya bakuli. Ndiyo hivyo tu! Na maji ya juu yakipata moto unayaweka kando ya kuchemshwa duru ijayo, unatia mengine baridi. Hakuna tone linalopotea. Daktari alizunguka hicho kitu mara mbili, mikono nyuma. Akasema mtambo wake wa dukani unamwaga ndoo nzima ili upate chupa moja.

Chupa ya kwanza kipimo kiliikataa. Nilikuwa nimetia kuni nyingi. Maji yalichemka yakaruka, chumvi ikaruka nayo. Nthenya akachomoa kuni mbili akazizima mchangani mbele ya miguu yangu. "Huu ni moto wa uji, si wa maharagwe. Wanaume mnapenda moto!"

Chupa ya pili: nambari ikashuka. Ikashuka tena. Mwongeli akapiga mluzi.

Muli, askari wa lango, alifuata moshi. Alikuja ameficha kikombe nyuma ya mgongo. "Mama, hakuna ya kuonja?" Nthenya akamjazia. Akabugia yote. Akasimama. Akatutazama mmoja mmoja kama watu waliomwibia.

"Haina hata ladha!"

Daktari alicheka mpaka akashika ukuta. Ni mara ya kwanza tangu wiki ile.

Mimi sishiki bakuli. Naleta kuni, nabeba maji ya mto hadi kwenye jiko la Nthenya, basi. Mwongeli ndiye anayeyahamisha kwenye mtungi. Sasa mtungi una karatasi: PIMA KWANZA. Na uko nusu. Naupita nikiangalia pembeni.

Alhamisi, 28 Agosti

Manjano!!

Moja.

Jumapili, 31 Agosti

Kanyangi imeshajua. Bila shaka ni Muli.

Kabla ya mahubiri kiongozi wa akina mama alisimama akasema kuna habari za kuhuzunisha kuhusu dada yetu mmoja, na ni vizuri dada huyo ajieleze mbele ya ndugu. Hakutaja jina. Shingo zote zikageuka.

Nilianza kuinuka. Nthenya alinishika koti akanirudisha kwenye benchi. Akasimama yeye.

"Ni maji," akasema. "Ya bandeji za vidonda. Anayetaka kuonja aje Kitui, lakini aje na kikombe chake." Akakaa.

Kisha Mzee Kiilu, kule nyuma, na mguu wake umenyooshwa kwenye njia: "Amina."

Mchungaji akakohoa, akaomba tufungue wimbo.

Jumatatu, 1 Septemba

Mawili. Nambari za maji zilikuwa nzuri, rangi ilianza kuonekana dakika ya saba. Kesho linaenda Wote. La tatu litapigwa Ijumaa mbele ya wageni. Daktari hataki wasome, anataka waone.

Nimekata vipande mia na ishirini. Daktari alipita akakivuta kimoja kwa nguvu pindoni. Uzi haukutoka. Akakirudisha mahali pake, sawasawa na vingine.

Jumatano, 3 Septemba

Duara safi. Mafungu yote mawili.

Mchana kulikuwa na neno. Mwongeli alikuwa anapanga daftari la kuwaonyesha wageni. Akasema ule ukurasa wa kijivu tano tungeubana tu na klipu, si kwa kudanganya, ila ni nani anamwonyesha mgeni choo kabla ya sebule? Nilielewa anachotaka. Anaipenda hii kazi. Mama yake anaosha vidonda kwenye zahanati huko Migwani.

Daktari akanigeukia. "Mzee unasemaje?"

Sikutegemea kuulizwa. Nikasema ukurasa ubaki wazi. Mtu wa Tharaka au wa Garissa akitaka kufanya kama sisi, maji yake pia yana chumvi na ulimi wake pia umezoea. Atasoma hapo. Hatapoteza siku tatu.

Halafu nikasema aandike na jina langu. Kosa lisilo na jina watu hudhani ni la mashine.

Daktari alivuta daftari. Akafungua kalamu. Mbithi, akaandika. Halafu akaongeza neno: fundi.

Sijui kwa nini hilo neno lilinifanya nitoke nje kidogo. Nilisimama karibu na jiko la Nthenya, nikasema ni moshi.

Ijumaa, 5 Septemba

Asubuhi. Shati jeupe. Nthenya alifika kabla yangu, amevaa kitambaa cha kichwa cha kanisani. Maji yamepimwa mara tatu. Mwongeli hajatania mtu tangu saa mbili. Huo ni ugonjwa.

Mchana. Wamekuja. Mama mmoja mrefu mwenye faili, na bwana mmoja ambaye anapiga picha kila kitu, hata ufagio. Pikapu imeingia kinyumenyume mpaka mlangoni. Nyuma kuna godoro kuukuu na kamba. Dereva ameshashuka, anauliza mlango una upana gani.

Yule mama alisoma daftari lote, akiwa amesimama. Alipofika kwenye ukurasa wa kijivu alirudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma tena. Akauliza, "Mbithi ni nani?" Nikasema ni mimi. Akasema alaa. Akafungua ukurasa uliofuata.

Saa tisa kasoro. Taa nyekundu. Miwani. Tak, tak, tak.

Saa tisa na dakika tano. Stima imepotea.

Mtaa mzima. Mashine ilikufa dakika ya sita. Tulisikia feni yake ikizunguka, ikizunguka, ikaacha. Mwongeli akasema neno la Kikamba ambalo sitaliandika.

Daktari alivua miwani taratibu. Akaeleza bila kuharakisha: glasi isisogezwe, isitikiswe, vumbi lisiingie. Stima ikirudi tunaendelea tulipoachia, hakuna kilichoharibika. Yule bwana akaangalia saa. Akasema lazima wawe barabarani saa kumi, gari likiwa na mzigo au bila. Yule mama aliuliza tu kama anaweza kuuona ule mtambo wa sufuria, ule ulioandikwa.

Mwongeli amekimbia ofisini kuulizia jenereta. Ni yeye anayejua funguo ziko wapi. Daktari ilibidi aende na wageni. Alisimama mlangoni. Akatazama glasi, akanitazama mimi na mkasi wangu.

"Mzee Mbithi," akasema. "Wewe kaa nayo."

Mbele yao wote.

Kwa hivyo niko hapa. Nimeosha mikono mpaka kwenye viwiko. Nimevuta meza yangu ya kukatia karibu, bila kugusa ile nyingine. Nimeweka kifuniko cha kioo juu ya glasi, polepole kama mtu anayemfunika mtoto. Dirishani naona bwana wa picha amechuchumaa kwenye moshi wa Nthenya, na Nthenya anamfokea asogeze tai yake isiungue. Yule mama amekunja mikono ya blauzi. Ameshika kuni.

Dereva amekaa kwenye ukingo wa pikapu. Anazungusha kamba mkononi, anaikunjua, anazungusha tena.

Maji. Nimeyatazama kutoka upande wa dirisha. Nimeyatazama na karatasi nyeupe nyuma yake. Si meupe tena, hilo naweza kuapa. Ni manjano? Dakika sita ni chache. Siku nyingine rangi huja dakika ya saba. Nisijidanganye. Naandika ninachokiona: kuna kitu kimeanza.

Na hakuna kijivu. Hakuna vumbi chini. Nimeangalia mara nne.

Saa tisa na dakika ishirini na tano. Jenereta imenguruma mahali fulani — si yetu, ni ya benki. Nasikia viatu vya Mwongeli kwenye korido, anakimbia, lakini sijui anakimbia na funguo au bila.

Stima bado. Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine uko juu ya kifuniko.